Madabodi ya seva ya nyumbani: kati ya hizi tatu nichukue ipi?

picha_tanga

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni mpiga picha, nipo Chumbageni, Tanga. Kazi yangu kubwa ni harusi na sendofu, mara mojamoja kipaimara. Picha zimetawanyika: nyingine kwenye diski za nje, nyingine kwenye laptopu, nyingine kwenye flashi. Hivi karibuni diski mojawapo imeanza kutoa mlio wa kugonga. Nimewahi kuhamisha vilivyomo, lakini tangu hapo sina amani. Humo kuna harusi za watu, na kuna picha za marehemu ambazo familia zao hazina nakala nyingine popote.

Nimeamua kujenga seva ndogo. Iwake saa 24, picha zikae mahali pamoja, niingie kwa laptopu au simu hata nikiwa safarini. Nimesoma kuhusu TrueNAS (mfumo wa kuendeshea seva ya kuhifadhi) na Immich (programu ya kupangia picha), upande wa programu nitajikongoja. Diski nne za 4TB, zile kubwa za inchi 3.5, nimeshanunua. Kasha lipo, pawa saplai ya wati 500 ipo. Nimekwama kwenye bodi. Baada ya kuzunguka Kariakoo na mtandaoni nimebaki na hizi:

X99 ya Kichina pamoja na Xeon E5-2680 v4 na RAM GB 32, vyote laki nne kasoro. Kori 14.

ASRock N100DC-ITX, prosesa imeshachomelewa juu yake, laki nne na nusu bila RAM. Kori 4.

B450M ya mtumba na Ryzen 5 5600G, laki sita na ushee. Kori 6.

Moyo unavutwa na X99. Kuna mtu ana sababu ya kunizuia?

mzee_wa_gemu

Mkuu chukua X99. Kori 14 na RAM GB 32 kwa hela hiyo hupati kwingine. Ninayo, nacheza gemu na kuhariri video, inapiga kazi vizuri tu. Hiyo N100 ni ya kompyuta za kuandikia barua.

fundi_nzuguni

Mkuu picha_tanga, kabla hatujafika kwenye kori naomba unijibu matatu. LUKU yako iko kwenye bei ya D1 (ya watumiaji wadogo) au T1 (ya kawaida), na kwa mwezi unatumia uniti ngapi? Picha zote ukizijumlisha ni TB ngapi, na zinaongezeka kwa kasi gani? Ukisafiri, nyumbani anabaki mtu wa kuwasha mashine?

picha_tanga

Ni D1. Elfu moja napata uniti 8.2. Kwa mwezi natumia kama 50 hivi: friji ndogo, taa, TV, pasi.

Picha ni TB 2 na kidogo. Harusi moja inakula GB 60 hadi 80 za RAW (picha ghafi za kamera), lakini mteja akishachukua albamu nasubiri miezi sita, nafuta RAW, nabaki na JPEG.

Nyumbani mke wangu ni muuguzi, anaingia zamu. Nikipata kazi Lushoto au Korogwe nyumba inaweza kukaa bila mtu hadi siku ya pili.

fundi_nzuguni

Asante, sasa tunaweza kuzungumza. X99 iache. Mzee_wa_gemu hajakosea kuhusu nguvu yake, na kwa kuhariri video ni mashine. Kwako wewe shida ni umeme, tena kwa namna ambayo muuzaji hawezi kukwambia.

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Kwa hiyo kila wati 10 inayowaka muda wote ni uniti 7.2. E5-2680 v4 ni prosesa ya seva ya mwaka 2016, imeandikwa wati 120 ikiwa kazini, na haina sehemu ya kuonyesha skrini ndani yake, kwa hiyo utalazimika kuweka kadi ya picha hata kama ni ya kuonea BIOS (mipangilio ya bodi) tu. Mashine za aina hii nikizichomeka kwenye kipimo cha wati, zikiwa zimetulia hazifanyi chochote, huwa naona 60 hadi 80 kabla ya diski. Diski zako nne, kila moja kama wati 5 ikizunguka, zinaongeza 20. Tuseme wati 90. Hizo ni uniti 65 kwa mwezi, na pamoja na 50 zako inakuwa 115.

D1 ni ya mtu asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100, ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) ndiyo 122 unayolipa leo. Ukipita 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi. Ukiendelea hivyo unahamishiwa T1, ambako uniti ni 292, karibu 357 pamoja na kodi. Ni ile ya elfu kumi kwa uniti 28. Piga 115 mara 357: elfu 41 kwa mwezi. Leo kwa uniti 50 unalipa elfu sita na mia moja. Ona kilichotokea hapo: seva haijalipa umeme wake tu, imepandisha bei ya umeme wa friji, taa na pasi ya mama watoto. Ndiyo maana nakuuliza LUKU kabla ya kukuuliza kori.

Sasa N100. Ni prosesa ya Intel ya mwaka 2023, kori nne, wati 6 kwenye karatasi. Usichukue hiyo 6 kuwa ndiyo mashine nzima. Ukiweka RAM, SSD ya mfumo na hasara ya adapta, mashine ikiwa imetulia inacheza kwenye wati 10 hadi 15. Na diski mbili unafika 20 hadi 25, sawa na uniti 14 hadi 18. Unabaki ndani ya D1 na nafasi kidogo ya pasi. Na diski nne unafika 35, uniti 25, hapo unatembea kwenye ukingo wa 75 kila mwezi.

Utaniambia: hiyo bodi ina milango miwili tu ya SATA, ile ya kuunganishia diski, na mimi nina diski nne. Ni kweli, na wengi wanaikataa kwa sababu hiyo. Lakini umesema data ni TB 2. Diski nne ndani ya kasha moja hazikupi usalama unaoutafuta. Radi ikipita kwenye waya, mwizi akiingia, au wewe mwenyewe ukifuta folda usiku ukiwa na usingizi, zote nne zinakwenda pamoja. Fanya hivi: mbili ziwe pacha ndani ya seva, kila picha inaandikwa kote kuwili, unabaki na TB 4 kasoro ambazo kwa utaratibu wako wa kufuta RAW zitakutosha kwa muda mrefu. Ya tatu iweke kwenye kasha la USB, unaichomeka mara moja kwa wiki, inanakili, inarudi kabatini. Ya nne ikakae kwa ndugu, mtaa mwingine kabisa, na mnabadilishana na ile ya kabatini kila mwezi. Hizo picha za marehemu ulizozitaja ndizo zinazonifanya nisisitize hili kuliko bodi yenyewe.

Ryzen 5600G ningekuchagulia kama ungesema una TB 10 na unataka kuendesha mashine pepe kadhaa. B450M nyingi zina SATA nne, na ikitulia inakaa kwenye wati 20 hadi 30 bila diski. Ila muuzaji akikwambia itakubali RAM za ECC (zinazogundua na kurekebisha makosa yake) kwa sababu ni AMD, mwambie hapana. Prosesa za AMD za soketi ya AM4, kama hiyo, zenye sehemu ya kuonyesha skrini ndani hazifanyi ECC isipokuwa zile za PRO, kama 5650G.

Jambo la mwisho, na kwa mtu anayesafiri ndilo kubwa kuliko yote: umeme ukikatika na kurudi, seva iamke yenyewe. Kwenye BIOS tafuta mahali palipoandikwa «Restore on AC Power Loss» au maneno ya karibu na hayo, weka «Power On». Bodi karibu zote zinayo. Ila kabla ya kuweka hivyo, toa kile kibetri cha duara, CR2032, ukipime kwa mita. Kilicho bado kizuri kinasoma volti 3 au zaidi kidogo. Kikishuka chini ya 2.7 kibadilishe hapohapo, ni bei ya soda. Kwa mafundi wenzangu naona hili linarukwa sana. Kibetri kikifa, umeme ukikatika bodi inasahau saa, na nyingi zinasahau hata mipangilio, pamoja na hiyo ya kuamka yenyewe. Umeme ukirudi, ama inakaa kimya, ama inawaka na kusimama kwenye ujumbe wa kukutaka ubonyeze F1, na kibodi haijachomekwa na nyumbani hakuna mtu. Wewe uko Lushoto unajiuliza kama diski zimeungua, kumbe bodi inasubiri kidole.

Ukishafunga kila kitu, jaribu kwa mkono: chomoa waya ukutani mashine ikiwa imewaka na bado haina picha, hesabu hadi thelathini, rudisha. Rudia hadi uamini.

wa_kizingo

Dada fundi, hesabu ya stima nimeikubali. Lakini naona umeipita ECC haraka. Mimi niko Mombasa, natumia Supermicro X10SLL-F na Xeon E3-1220 v3, niliipata Nairobi kwenye zile za ex-UK (mtumba wa Uingereza). Ina SATA sita, inabeba hadi GB 32 za ECC, na ina IPMI, chipu ya kuiongoza mashine ukiwa mbali. Nikiwa Lamu, mashine ikikwama, naingia kwa simu, naona kioo chake hata kikiwa kwenye BIOS, naizima na kuiwasha kana kwamba nimekaa mbele yake. Huo ujumbe wa F1 uliousema ningeubonyeza nikiwa baharini. Kaka anahifadhi kumbukumbu za watu. Biti moja ikigeuka kwenye RAM wakati picha inaandikwa, diski zote mbili zitahifadhi kosa lilelile.

fundi_nzuguni

Wa_kizingo, hoja yako ni nzito na sitaipinga. IPMI nimeitumia kwa wateja wenye ofisi mbili na inaokoa safari. Na kuhusu biti, umesema kweli: diski pacha hazikulindi na kosa lililozaliwa kwenye RAM.

Kinachonizuia ni mashine yake yeye. X10SLL-F na E3 ikitulia inakaa kwenye wati 30 hadi 35, na ile chipu ya IPMI peke yake inakula wati 4 au 5 hata mashine ikiwa imezimwa. Na diski mbili ni wati 45, uniti 32, jumla 82. Ametoka kwenye D1. Angekuwa tayari T1, anayelipa 357 kwa vyovyote vile, ningemwambia achukue yako leo, ilimradi aone mwenyewe pini za soketi. Kwa wanaonunua bodi za mtumba za Intel: ondoeni prosesa, washeni tochi ya simu, mulikeni kwa ubavu. Pini nzima zinang'aa kwa mstari mmoja kama shamba lililopandwa kwa kamba. Iliyolala itavunja mstari na utaiona mara moja. Muuzaji asiyekubali prosesa itolewe, shukuru na uondoke.

Kwa N100 isiyo na ECC, picha_tanga afanye hivi: akishaweka RAM, aendeshe MemTest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha kabla picha hata moja haijaingia. RAM mbovu nyingi zinajitaja hapo. ZFS, mfumo wa faili unaotumiwa na TrueNAS, nayo haidai ECC kuliko mfumo mwingine wowote wa faili, hayo ni maneno yaliyoenea tu. ECC ni bora kwa kila mfumo, na mwenye uwezo wa kuilipia aiweke.

mzee_wa_gemu

Sikuwa nimefikiria upande wa D1 kabisa, mimi niko T1 tangu zamani na mashine naizima usiku. Kwa mtu wa kuwasha saa 24 nimeelewa. Je, akihitaji SATA zaidi baadaye kwenye hiyo N100?

fundi_nzuguni

Ina sloti ya PCIe, ya kuongezea kadi. Aweke kadi yenye chipu ya ASM1166, inatoa milango sita. JMB585 nayo inafanya kazi, ina mitano, ila inajulikana kwa kuzuia prosesa isilale usingizi mzito, na wati chache zinapotea kila saa. Zile kadi za bei rahisi zinazogawa mlango mmoja wa SATA kuwa minne zisiguswe kwa diski za ZFS. Na akifika huko, umeme wa diski za ziada hautatoka kwenye bodi, itabidi atafute njia nyingine ya kuzilisha.

jua_la_kigoma

Naongeza kwa walio kwenye sola. Niko Kigoma, seva yangu iko kwenye betri ya volti 12 bila inveta, kwa bodi ya kawaida na picoPSU (pawa saplai ndogo inayochomekwa kwenye bodi). Angalieni kitu kimoja: picoPSU nyingi za kawaida haziitengenezi volti 12, zinaipitisha ilivyo. Jua likiwa kali, chaja inapandisha betri hadi volti 14.4, na hiyo 14.4 inakwenda moja kwa moja kwenye diski ambazo zinavumilia hadi kama 13.2. Chukueni zile za kupokea volti nyingi, kama M4-ATX inayokubali 6 hadi 30. Kwa N100DC-ITX inayotaka volti 19 utahitaji kipandisha volti kizuri katikati.

picha_tanga

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea sehemu ya umeme. N100DC-ITX. Diski ya nne itakaa kwa dada yangu Pongwe, ameshakubali.

Yamebaki machache. Hiyo pawa saplai yangu ya wati 500 naitumiaje? Nihangaike na mtandao wa waya wa 2.5G (gigabiti 2.5)? Nyumba iko karibu na bahari, hiyo bodi isiyo na feni itavumilia joto na chumvi? Na nina RAM ya GB 8 ya DDR4 niliyoitoa kwenye laptopu ya zamani, itaingia?

fundi_nzuguni

Pawa saplai hutaitumia. Bodi hiyo inakula volti 19 kwa tundu la duara kama laptopu, na yenyewe ndiyo inalisha diski mbili kwa waya wake. Tafuta adapta ya wati 90, usikubali 65. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta kama wati 24 kwa sekunde chache, mbili ni 48, na bodi juu yake. Adapta dhaifu itakupa mashine inayozima na kuwaka bila sababu ya kuonekana, na utailaumu bodi. Pima pia kichwa cha waya kabla ya kulipa, adapta za laptopu zina vichwa vya kila namna.

2.5G usihangaike nayo sasa. Kwa gigabiti unapata kama MB 110 kwa sekunde, harusi ya GB 70 inaingia kwa dakika 11. Waya uwe Cat5e au zaidi, na laptopu uiunge kwa waya unapohamisha, Wi-Fi iache kwa simu.

Kwa Tanga ningeweka feni moja ya sentimita 12, iende polepole, ikipuliza juu ya bodi na diski. Prosesa itavumilia, diski ndizo zisizopenda joto, zikizidi nyuzi 50 muda mrefu zinachoka mapema. Usiiweke kwenye dirisha linaloangalia bahari, na usiiweke sakafuni. Kila miezi mitatu au minne ifungue, toa vumbi kwa brashi laini kabla halijakamata unyevu, maana vumbi lenye chumvi likilowa linaanza kula miguu ya chipu.

RAM ya laptopu haitaingia. N100DC-ITX inatumia DIMM ndefu ya kompyuta ya mezani, DDR4, kijiti kimoja tu. Inayokubali RAM ya laptopu ni ASUS Prime N100I-D D4, lakini hiyo ina SATA moja, na diski zako pacha zinahitaji mbili. Nunua kijiti cha GB 16, na kwa kuwa sloti ni moja, usianze na 8 ukidhani utaongeza kingine pembeni.